ADHABU NA ADABU

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi. Uwe na Biblia yako mkononi, ufungue Mithali 13:24 na 22:15; Waebrania 12:5-11; Waefeso 6:1-4; na Kumbukumbu la Torati 25:1-3.



Jumapili moja niliwauliza watoto wa Shule ya Jumapili, "Adabu ni nini?" Nilitazamia waseme ni kuwaamkia wakubwa, au kutosema uongo, au kutulia wakati wa sala. Mtoto mmoja aliyekaa mbele, umri wake kama miaka saba, akainua mkono akasema, "Adabu ni kupigwa." Wenzake hawakumcheka. Mmoja akamsaidia: "Ni ukichapwa mpaka ukome."

Wale watoto hawakukosea. Kiswahili walichotupa ndicho walichokipata kwetu. Mama akichoshwa na mtoto husema, "Ngoja baba yako arudi akutie adabu," na mtoto anajua kwamba baba hataleta mafundisho, ataleta fimbo. Kijana akirudi nyumbani na alama mgongoni, jirani huuliza, "Nani amekutia adabu hivyo?" Kwa hiyo neno zuri tulilolipokea kwa wazee limeanza kubeba mzigo wa neno jingine, na neno hilo jingine ni adhabu. Katika somo hili nataka tuyatazame maneno haya mawili, maana naona kuyachanganya kumetufanya tuisome vibaya Biblia, na watoto wetu wamelipa kwa miili yao.

Maneno yenyewe tumeyapata kwa Waarabu kupitia watu wa pwani, na huko yalikotoka hayana undugu. Adabu ni mwenendo mwema, malezi, ustaarabu wa mtu aliyefunzwa akafunzika. Adhabu ni mateso, ni maumivu anayopewa mtu. Ndugu zetu Waislamu tunaoishi nao vijijini hulitumia neno hilohilo wanapotaja adhabu ya kaburi na adhabu ya moto. Huwezi kusema "adabu ya moto", wala huwezi kumsifu binti wa watu kwamba ana adhabu nzuri. Lakini masikioni maneno haya yamekaribiana sana, na kwetu sisi wa bara yamekaribiana zaidi, kwa sababu wengi wetu tuliozaliwa katika lugha za nyumbani tunapata taabu na ile *dh*. Huyu husema azabu, yule husema adabu akikusudia adhabu, na msikilizaji hupokea lolote litakalomfikia. Vitenzi navyo ni hivyohivyo. Kuadibu ni kumlea mtu mpaka awe na adabu. Kuadhibu ni kumtia maumivu kwa kosa alilotenda. Ondoa herufi moja katika neno la pili, utabaki na la kwanza.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya Kiswahili peke yake. Waingereza nao wana maneno mawili, "discipline" na "punishment", na wote wawili waliyachota katika Kilatini. La kwanza limetoka katika neno lenye maana ya mwanafunzi, ndiyo maana Mwingereza huwaita wale Thenashara wa Bwana Yesu "disciples". La pili limetoka katika neno lenye maana ya malipo ya kosa. Mwanafunzi na deni, hayo ni mambo mawili yaliyo mbali. Hata hivyo katika shule zetu za sekondari "discipline master" alikuwa ni nani? Alikuwa ni yule mwalimu aliyebeba fimbo. Tulipomtafsiri tukamwita mwalimu wa nidhamu, na nidhamu ni neno la mpangilio, kila kitu kukaa mahali pake. Nalo likapewa fimbo vilevile. Inaonekana kila neno jema la malezi tukiliacha bila kulinda, mwisho wake hushikishwa fimbo.

Sasa tufungue Biblia. Nimetumia ile tuliyoizoea kanisani, Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952.

Anzeni na Waraka kwa Waebrania, sura ya 12. Wazazi wengi hukimbilia hapa wanapotaka kuonyesha kwamba kupiga ni agizo la Mungu. Katika mstari wa 5 mtaona neno "marudia". Katika mstari wa 7 mtaona "kurudiwa". Mkishuka mpaka mstari wa 11 mtakuta "adhabu". Msomaji wa Kiswahili hudhani mwandishi ametumia maneno mbalimbali, la kwanza laini na la mwisho kali. Sivyo. Katika Kiyunani, lugha aliyoiandikia, neno ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni *paideia*. Limejengwa juu ya neno lenye maana ya mtoto. Ni kazi yote ya kumfanya mtoto awe mtu mzima aliyekamilika: kumfundisha, kumwonya, kumzoeza, na kumzuia pale anapopotoka.

Fungueni sasa Waefeso 6:4, mahali Mtume Paulo anaposema na akina baba. Neno ni lilelile *paideia*, na hapo watafsiri wetu waliandika "adabu". Halafu 2 Timotheo 3:16, juu ya faida ya Maandiko: ni neno hilo tena, na hapo wakaandika "kuwaadibisha". Basi neno moja la Kiyunani limepewa mavazi manne: marudia, adhabu, adabu, kuadibisha. Siwalaumu watafsiri, walifanya kazi kubwa na sisi sote tunakula matunda yake. Lakini ukiyaona hayo manne kwa pamoja utajua kwamba "adhabu" ya Waebrania 12:11 ni ndugu wa "adabu" ya Waefeso, si ndugu wa adhabu ya gerezani.

Kuna jambo lililonishangaza zaidi nilipoanza kuchunguza. Katika Waraka huohuo, sura mbili tu nyuma, yaani 10:29, mwandishi anasema juu ya mtu anayemkanyaga Mwana wa Mungu. Hapo napo Kiswahili chetu kina neno "adhabu". Lakini Kiyunani chake ni neno jingine kabisa, *timoria*, ambalo ni malipizi, ni kumtendea mkosaji kwa ajili ya heshima ya aliyekosewa. Mwandishi mmoja, barua moja, alikuwa na maneno mawili. Kwa adui aliyemdharau Mwana alitumia moja. Kwa mwana anayelelewa alitumia lingine. Sisi tumeyaweka yote mawili katika kikapu kimoja, ndipo mzazi akamtendea mwanawe yale yaliyoandikwa kwa adui.

Najua mtu atanyoosha mkono aniambie, "Lakini mstari wa 6 unasema kupiga waziwazi." Ni kweli, na tusiukwepe. Mwandishi pale ananukuu Mithali 3:11-12, naye ananukuu kutoka tafsiri ya zamani ya Kiyunani. Linganisheni wenyewe, maana ni zoezi zuri la kikundi: someni Waebrania 12:6, kisha mrudi Mithali 3:12. Katika Mithali, iliyotafsiriwa kutoka Kiebrania, hamtakuta kupiga. Mtakuta baba anayependezwa na mwanawe. Tena wale walioandikiwa barua hii hawakuwa watoto wa darasa la pili. Walikuwa Wakristo watu wazima waliodhulumiwa kwa ajili ya imani, na mwandishi anawaambia Mungu hajawatupa katika shida zile, anawalea. Kumtia moyo mtu mzima aliyenyang'anywa mali zake ni jambo moja. Kumpa mwalimu ruhusa ya kumchapa mtoto aliyekosea hesabu ni jambo jingine.

Na Mithali nayo? Neno la Kiebrania linalorudi mara kwa mara katika kitabu kile ni *musar*. Katika 1:2 watafsiri wetu waliliita "adabu", likakaa pamoja na hekima. Katika 13:24 ndilo lililo nyuma ya kurudi, maana kumrudi mtoto, kwa Kiswahili cha zamani, ni kumrejesha njiani aliyeiacha. Katika 22:15, penye fimbo na ujinga wa moyo wa mtoto, waliandika "adhabu". Lakini ni *musar* ileile ya sura ya kwanza. Kama wangeandika fimbo ya adabu, wasingekosea hata kidogo, na pengine tungelelewa kwa namna nyingine.

Fimbo yenyewe sitaificha, imo. Mithali inaitaja, na 23:13-14 inataja kupiga. Lakini sisi wa Singida hatuhitaji kwenda mbali kujua fimbo ni nini. Kiebrania chake ni *shebet*, na ndilo neno lililotumika katika Zaburi ya 23, pale Daudi anapotaja vitu viwili vya mchungaji vinavyomfariji bondeni; Kiswahili kimeliita gongo. Ndilo pia katika Walawi 27:32, mifugo inapopita chini ya fimbo ihesabiwe. Nani kati yetu hajachunga, au hajaona mtoto wa Kigogo au wa Kinyaturu akitoka na ng'ombe asubuhi? Fimbo yake hulala begani kutwa nzima. Huinyoosha mbele ya ndama anayetaka kuingia shamba la mtama, humgusa wa nyuma asibaki, humfukuzia fisi. Mara chache atampiga ng'ombe mkaidi kiunoni. Lakini akirudi jioni na ng'ombe mwenye jicho lililotoboka au mguu unaochechemea, wazee hawatamwambia, "Vema, umewatia adabu." Watamnyang'anya fimbo. Nasikitika kusema kwamba nimewahi kuona ng'ombe wakihurumiwa kuliko watoto.

Hapa ni lazima niseme pia juu ya kiboko, kwa sababu kina historia yake, na historia hiyo haikuanzia katika Biblia. Kiboko kilipata jina lake kwa mnyama: ulikuwa mjeledi uliokatwa katika ngozi ya kiboko. Wakati wa utawala wa Wajerumani kilikuwa ndicho chombo cha serikali, na boma lao moja lilikuwa hapahapa kwetu Kilimatinde. Amri iliyotolewa mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na watu wa wakati ule wakakiita hamsa ishirini. Waarabu na Wahindi hawakuruhusiwa kupigwa kwa amri ile, Mwafrika aliruhusiwa. Nani atathubutu kusema hayo yalikuwa malezi? Hakuna aliyefikiri kwamba mpagazi aliyelazwa chini atainuka akiwa na adabu zaidi. Ilikuwa adhabu, na ilikusudiwa iogopeshe wanaotazama.

Hata baada ya Uhuru tuliendelea nayo kwa sababu zetu. Sheria ya Vifungo vya Chini ya mwaka 1963 ilimpa mla rushwa na mwizi wa mali ya umma kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24, nusu siku ya kuingia gerezani na nusu siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere aliwakumbusha watu jambo hilo aliposema nao Mbeya siku ya Mei Mosi 1995, naye akaongeza kwa utani wake kwamba vile vya kutoka vilikuwa vya kwenda kumwonyesha mke. Watu walicheka. Nasi tunaweza kucheka, maana huyo ni mtu mzima aliyeiba, na serikali haikudai kwamba inamlea. Jambo ninalotaka mlione ni kwamba neno lile lile, viboko, tulilichukua kutoka bomani na gerezani tukaliingiza darasani, tukalikuta neno adabu pale mlangoni, tukawafungisha ndoa.

Torati yenyewe ilipotoa ruhusa ya kumchapa mkosaji mahakamani, iliweka kikomo. Someni Kumbukumbu la Torati 25:1-3: hukumu kwanza, tena mbele ya mwamuzi, kwa hesabu, na isizidi arobaini. Sababu imeandikwa palepale, nayo ni ya ajabu: yule anayepigwa ni ndugu yako, asije akawa duni machoni pako. Wayahudi waliogopa kukosea hesabu, kwa hiyo wakawa wanakomea 39, ndiyo maana Paulo katika 2 Wakorintho 11:24 anasema alipokea arobaini kasoro moja. Hiyo ni adhabu kamili, ya mtu mzima mwenye hatia, na bado Mungu anamlinda asidharauliwe.

Sheria ya nchi yetu nayo ina kikomo, na wazazi wengi hawakijui. Kanuni za viboko shuleni zilitungwa mwaka 1979 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zikafanyiwa marekebisho mwaka 2002. Hazimruhusu kila mwalimu kupiga. Anayeruhusiwa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa na mkuu idhini ya maandishi. Ni kwa kosa kubwa, si kwa kila kosa. Viboko visizidi vinne. Fimbo iwe nyepesi inayopindika, nayo ipige mkononi au makalioni juu ya nguo, si penginepo po pote. Umri wa mtoto na afya yake viangaliwe. Msichana apigwe na mwalimu wa kike au mkuu wa shule, isipokuwa hakuna mwalimu wa kike. Na kila mara iandikwe kitabuni: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, na aliyepiga. Ndugu mzazi, siku moja ukienda shuleni omba kwa heshima ukione kitabu hicho.

Halafu ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu chake cha 13 kinakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Lakini hakikuishia hapo. Kinasema kumrekebisha mtoto kwa namna isiyolingana na umri wake, mwili wake na akili yake hakuna uhalali. Na kwamba kama mtoto ni mdogo mno hata hawezi kuelewa kusudi la kurekebishwa, basi kumrekebisha kwa namna hiyo hakuna uhalali. Tazameni neno kusudi. Maumivu hayahitaji kuelewa. Hata mbuzi huyasikia. Malezi yanahitaji mtoto aelewe. Waliotunga sheria ile walikuwa wanatafuta, kwa njia yao, tofauti hiihii ya adhabu na adabu.

Majirani zetu wamekwenda mbele kuliko sisi. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikaviharamisha shuleni kwa sheria ya mwaka 2016. Kwetu, mwaka 2018, mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Wazazi waliompeleka mtoto wao shuleni asubuhi ile walimpeleka akapate elimu na adabu.

Mtu mmoja katika halmashauri yetu ya parishi aliniambia kwamba mawazo haya ni ya Wazungu na haki zao za watoto, na kwamba wazee wetu walijua samaki hukunjwa angali mbichi. Nilimjibu kwamba wazee walisema mkunje, hawakusema mvunje. Pia wana usemi wao kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na ni kweli, mtoto asiyekatazwa lolote ni msiba kwa wazazi na kwa kanisa. Nimewaona hao pia. Eli kuhani hakuwapiga wanawe wala hakuwazuia, na tunajua mwisho wao. Lakini msomeni vizuri 1 Samweli 3:13: kosa linalotajwa ni kwamba hakuwazuia. Mtoto huzuiwa kwa njia nyingi, na baba aliyemwonya mwanawe kila siku tangu akiwa mdogo hatafuti fimbo kila jioni. Baba asiyemwona mwanawe juma zima, akaja Jumamosi na mkanda, huyo anaadhibu. Hana muda wa kuadibu.

Tena kuna onyo moja katika Injili ambalo sikuwahi kuliona mpaka nilipokuwa mzee. Pilato, katika Luka 23:16, alipokwisha kusema kwamba haoni kosa kwa Bwana Yesu, aliahidi kumchapa kisha amfungue. Neno aliloandika Luka kwa kuchapa huko ni lilelile la malezi, kitenzi cha *paideia*, kana kwamba Pilato angemwadibu Mwana wa Mungu kidogo ndipo amwachie. Yohana 19:1 inatuambia kilichofanyika: mijeledi. Kwa hiyo neno jema lilitumika kufunika jambo baya, na aliyetumia alikuwa mtu mwenye madaraka aliyekwisha kukiri kwamba anayepigwa hana hatia. Ndiyo maana sitosheki na mzazi au mwalimu kuniambia, "Nilikuwa namtia adabu tu." Nataka kujua alifanya nini.

Nami yanipasa niseme nilifanya nini, maana nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi kabla sijastaafu na kuwa msomaji wa masomo kanisani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyechelewa siku tatu mfululizo. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Kila siku nilimpa viboko vitatu mkononi, na sikuandika kitabuni. Siku ya tatu hakusubiri niseme neno. Alitembea moja kwa moja mpaka mezani pangu akanyoosha mkono, uso mkavu, kama mtu anayelipa nauli. Nilimpiga. Alipokwisha kukaa ndipo nikajiuliza, mtoto huyu amejifunza nini? Alikuwa amejifunza bei. Kuchelewa ni viboko vitatu, naye alikuwa navyo.

Jioni nilikwenda kwao. Baba yake alinikaribisha vizuri, tukaketi. Niligundua kwamba mvulana huyo alikuwa akiamka usiku kupeleka punda wawili korongoni kuchota maji katika visima vya mchangani, maana wakubwa zake walikuwa wamehama na ng'ombe, na foleni ya korongoni ilikuwa ndefu. Alikuwa akichagua kila asubuhi kati ya maji ya mama yake na viboko vyangu, akachagua viboko. Ukiniuliza ni nani kati yetu wawili aliyekuwa na adabu, nitakujibu. Tulikubaliana na baba yake kwamba maji yachotwe jioni, na mimi nikakubali kwamba siku ambayo foleni itamchelewesha aje hivyohivyo, akae, asome. Haikutengemaa mara moja. Kuna siku alichelewa, kuna siku hakuja. Lakini alikuwa akija ananieleza sababu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa fimbo, kwa sababu fimbo haikumwuliza.

Nilikutana naye mnadani miaka mingi baadaye, mtu mzima, anauza mbuzi wawili anunue sare za mwanawe anayeanza darasa la kwanza. Aliniamkia, akanishikia mzigo wangu. Tulizungumza habari za mvua na za wazazi wake waliokwisha kufariki. Nikamwuliza kama anakumbuka ule mwaka wa punda. Akacheka. "Mwalimu," akasema, "vilikuwa tisa." Mimi sikuwa nimeviandika mahali po pote. Kisha akaniambia kwamba anakumbuka pia siku nilipokwenda kwao, na kwamba mama yake alinikorogea uji wa uwele nikanywa bakuli mbili. Nilikuwa nimeusahau ule uji. Nikamwuliza shule ya mwanawe iko umbali gani na maji yako wapi, akasema bomba liko karibu siku hizi, hatachelewa.

Tutakapokutana katika vikundi, kila mtu aje amekwisha kusoma Waebrania 12 pamoja na Mithali 3, na wale walio walimu waje na zile kanuni za shule ikiwa wanazo. Na watoto wa Shule ya Jumapili nimewaahidi kuwauliza tena lile swali.